Hatutaendelea na Maombi Yako

Tarehe 4 Machi

Wifi,

Sikuulizi hali. Mtu mwenye nguvu ya kunikatia simu katikati ya sentensi ni mzima wa afya, kwa hiyo salamu tuziruke. Nimeamua kuandika kwa sababu karatasi huwezi kuikata.

Mdogo wangu, mume wako, amekataliwa. Majibu yalifika hapa ghalani jana. Katika orodha ya walioomba nafasi ya karani wa kupokea mizigo, jina lake limepigwa rangi nyekundu. Mimi ndiye niliyemwombea. Mimi, msimamizi wa zamu, nilisimama mbele ya watu wa ofisi ya ajira nikasema, "Huyu ametunza stoo ya kiwanda cha rangi mpaka kiwanda kikafungwa, hajawahi kupoteza hata kopo moja." Wakaniambia vizuri mama, afanye mtihani wa mtandaoni kama wengine, akivuka tu ni wetu. Akivuka tu! Mtihani wenyewe wa saa moja, unafanya umekaa kwenye kochi!

Nikampigia. Unajua aliniambia nini? "Dada, nyumba ilikuwa na kelele." Kwamba ulikuwa na wateja wako barazani, mnasuka na kucheka. Kwamba mlikuwa mnaingia na kutoka kufuata maji ya moto, na kila mkipita mlangoni mnamchungulia kama mgonjwa.

Nilikuomba nini mimi? Sikukuomba nguo wala chakula. Niliomba saa moja ya kimya, kwa mtu ambaye amekaa bila kazi tangu mwaka juzi na anazidi kukonda. Ukashindwa kufunga mdomo kwa saa moja. Hongera. Sasa msuke vizuri, maana hiyo misuko ndiyo mtakayokula.

Wifi yako


Tarehe 9 Machi

Wifi yangu,

Barua yako nimepewa na dereva wa basi huku anacheka, kwa sababu juu ya bahasha umeandika MKE WA MDOGO WANGU kwa herufi kubwa kama tangazo la mtu aliyepotea. Nashukuru. Sasa stendi nzima inanijua.

Umesema nilikuwa nasuka. Siku ile sikusuka. Benchi langu la barazani nililipindua miguu juu ili wateja wajue hakuna kazi, na binti nikampeleka kwa jirani. Nyumba ilikuwa kimya mpaka nikasikia friji likiguna. Kama mume wangu amekwambia mengine, hayo ni yake, muulize mwenyewe.

Na huo mtihani unaousema "wa saa moja" kana kwamba ni kuchemsha mayai, umewahi kuuona? Nakuuliza kwa heshima zote. Unaanza na maumbo. Mraba mweusi unaingia kwenye duara, duara linageuka, pembetatu inatokea haijulikani ilikotoka, kisha unaulizwa linalofuata ni lipi. Pembeni kuna saa nyekundu inarudi nyuma. Ukitoka hapo zinakuja sentensi. "Napenda kumaliza kazi kwa wakati." "Napenda kuwasaidia wenzangu." "Napenda kufuata taratibu." Chagua moja inayofanana nawe zaidi, na moja isiyofanana nawe kabisa. Zote ni za mtu mwema! Ukisema huwasaidii wenzako, wewe ni mchoyo. Ukisema hufuati taratibu, wewe ni mwizi. Sasa mtu ajichagulie ubaya gani?

Halafu kuna puto. Ndiyo, puto, la kuchorwa. Ukibonyeza linajaa na pointi zinaongezeka, likipasuka zote zinapotea. Watu wazima, wenye watoto, tunapulizishwa puto ili tupewe kazi ya kupokea maboksi. Nilipofika kwenye puto mtandao ukakatika. Simu ikabaki inazungusha kale kaduara, na saa yao haikusimama kunisubiri. Mtandao uliporudi sehemu yote ya puto ilikuwa imeshapita.

Majibu yalikuja chai haijapoa. "Tunashukuru kwa nia yako. Kwa sasa hatutaendelea na maombi yako. Tunakutakia heri katika safari yako." Safari gani, wifi? Mtu yuko kwenye kochi lake.

Nakuomba ukitaka kunitukana siku nyingine, tafuta sababu zako mwenyewe, usitumie za kuletewa.

Mke wa mdogo wako


Tarehe 14 Machi

Wewe mwanamke,

Barua yako nimeisoma ofisini, nikaisoma nyumbani, kisha nikachukua kalamu nikapiga mistari chini ya maneno mawili. "Nilipofika kwenye puto." "Haikusimama kunisubiri."

Nani alifika? Nani alisubiriwa?

Mtihani ule ulikuwa na jina la mdogo wangu. Mwanzoni kabisa unabonyeza kukubali kwamba mwenye kuujibu ni mwenye jina. Hilo nalijua hata kama sijawahi kuufanya, kwa sababu karatasi za masharti zimebandikwa ukutani kwetu. Na wewe, msusi, ukaichukua simu ya mume wako ukakaa ukajibu kama mwanaume aliyetunza stoo! Ndiyo maana akaanguka! Aliyeanguka siyo yeye, ni wewe uliyemwangusha.

Umeona raha gani? Ulitaka kumwonyesha kwamba una akili kuliko yeye? Au ulitaka akose, abaki hapo barazani akikushikia kitana?

Siku watu wa ofisi ya ajira wakigundua, mimi niliyemsemea nitaweka wapi uso wangu? Watasema ukoo mzima ni wa matapeli. Nijibu haraka, na usijibu kwa mzaha, maana mzaha wako nimeuchoka tangu siku uliyoletwa kwetu.

Wifi yako


Tarehe 18 Machi

Wifi,

Hakuna mzaha. Umeuliza, pokea.

Ni kweli nilijibu mimi. Niliombwa. Unamjua mdogo wako wa zamani, yule wa nyimbo na mikono mikubwa. Wangu humjui. Kabla ya kazi yako ameomba kwingine mpaka nikaacha kuhesabu, na kila pahali ni mtihani kwanza. Hakuna tena mtu wa kumtazama usoni. Wa kwanza aliufanya akiwa amevaa shati alilopiga pasi, wifi, shati la kuonwa na simu. Alipokataliwa akasema ni bahati mbaya. Wa pili akasema ni mtandao. Baada ya hapo akaacha kusema. Nilimkuta siku moja kwenye lile puto, anabonyeza kwa kidole gumba mpaka linapasuka, linakuja jingine anabonyeza linapasuka, macho makavu. Nikamwambia si hivyo, unatakiwa kuacha kabla halijapasuka. Akanijibu, "Najua."

Mtihani wako ulipokuja hata hakuufungua. Alinipa simu akaniambia, "Fanya wewe. Mimi wameshanijua." Akatoka akaenda kukaa kwenye benchi langu, lile nililolipindua, akaligeuza akakaa akatazama barabara. Nilijitahidi kujibu kama yeye. Nilijiuliza kila swali, mume wangu angesema nini hapa? Nikaandika hivyo. Na hivyo ndivyo mashine ilivyomkataa.

Kisha akakwambia ni kelele za wateja. Sikujua mpaka niliposoma kwako. Kwa hiyo hasira zako zigawe vizuri, usinimwagie zote mimi kwa sababu niko karibu na ndoo.

Na hilo la kwamba nataka anishikie kitana, limeniuma. Ulikusudia liniume, basi ujue limefika.

Mke wa mdogo wako


Tarehe 2 Aprili

Dada,

Barua zako mbili nimezipata. Ya kwanza niliisoma, ya pili niliikunja bila kumaliza, kwa sababu nilipofika pale uliposema "baba angekuwa hai angeona haya", nikaona inatosha.

Mimi si mtoto wako. Najua ulinilea kidogo mama alipokuwa anaumwa. Umenikumbusha mara nyingi mno.

Unataka kujua kwa nini nilimpa mke wangu simu. Nitakwambia mara moja na usiulize tena. Kuna swali linauliza, "Je, umewahi kumkasirikia mkubwa wako wa kazi?" Nilijibu ndiyo. Nani hajawahi? Nilimkasirikia meneja siku alipotaka nisaini kwamba nimepokea mapipa ambayo hayakuwepo. Lakini hakuna pahali pa kueleza. Kuna ndiyo na hapana. "Je, umewahi kuchelewa kazini?" Ndiyo, siku binti alipozaliwa. Hakuna pahali pa kueleza. Mbele kidogo wanarudia swali lile lile kwa maneno mengine, kama askari anayekuhoji kwa kukuzungusha, waone kama utabadilisha. Sikubadilisha. Nikakataliwa na kampuni ambazo hata lango lao sijaliona. Kiwanda kilipofungwa angalau meneja alinishika mkono na machozi yakamlengalenga. Hii mashine inanitakia heri.

Sasa ongeza na hili, maana najua unapenda kujua yote. Mke wangu alipoanguka kwa jina langu, nilifurahi. Nilikaa pale barazani nikajisemea, kumbe si mimi peke yangu. Ndiyo maana nikakwambia ni kelele. Sikutaka ujue kwamba nilimpa simu, wala kwamba nilifurahi.

Usimwandikie tena. Mambo ya nyumba yangu niachie. Na kazi za ghala lako sizitaki, wala usinisemee kwa mtu yeyote.

Mdogo wako


Tarehe 20 Aprili

Wifi,

Najua umekatazwa kuniandikia. Mimi sijakatazwa, au pengine nimekatazwa kwa kununiwa, lakini kununa si lugha ninayoisoma.

Nakuandikia ili usije ukasikia kwa mwingine. Ghala lenu lilitangaza tena ile nafasi ya karani wa kupokea mizigo. Nimeiomba kwa jina langu mimi.

Awamu hii wameweka kamera. Inakutazama muda wote, na kila nikitazama pembeni inaandika, "Uso wako hauonekani vizuri." Mbele ya macho ya mashine nilijisikia kama picha ya kitambulisho inayopumua. Nilifunga mlango na kukaa chini ya dirisha kwenye mwanga. Safari hii sikujiuliza mume wangu angesema nini, wala sikujiuliza mimi ningesema nini. Nilijiuliza wao wanataka kusikia nini. Sijawahi kukasirika. Sijawahi kuchelewa. Napenda mabadiliko, napenda kupewa kazi ya ghafla, napenda kukosolewa mbele za watu. Puto nilikuwa nalipuliza kidogo naliacha, nalipuliza kidogo naliacha, kama mtu anayeonja chumvi. Nilipomaliza nilikwenda kunawa uso. Nilijiona nimesengenya mtu, na mtu mwenyewe ni mimi.

Nimepita. Wameniita kwenye usaili, hapo kwenu.

Nilimwonyesha mume wangu ule ujumbe. Aliusoma, akanirudishia simu taratibu sana, kama kitu cha moto, akasema, "Kumbe unaweza." Tangu siku hiyo neno alilonipa ni "chumvi iko wapi".

Ukiniona huko usishtuke, na usijifanye unanikaribisha. Sikuombi uniombee. Nakumbuka ulivyomwombea yeye.

Mke wa mdogo wako


Tarehe 24 Aprili

Wifi,

Jitoe.

Nitakueleza kwa utulivu, ingawa hustahili. Nafasi ile ilikuwa ya mdogo wangu. Nilimtafutia yeye. Mwanaume amevunjika vipande vipande mbele ya macho yako, na wewe badala ya kumwokota unapita juu yake na viatu kwenda kukaa kwenye kiti chake. Halafu unaniandikia eti ulinawa uso. Ungenawa moyo.

Utakuja kuishi huku, yeye abaki na mtoto, watu waseme nini? Atapika nini, atasema nini wakimuuliza mkeo yuko wapi? Hata kama huna huruma, huna aibu?

Na jingine. Mimi ninajua ulichokifanya mwezi wa pili. Ninayo barua yako, mwandiko wako, "nilijibu mimi". Nikiipeleka ofisi ya ajira hutaingia hata kwenye choo cha kampuni hii. Sitaki kufanya hivyo. Usinilazimishe.

Andika kwamba umepata dharura ya kifamilia. Kwa mara ya kwanza utakuwa hujadanganya.

Wifi yako


Tarehe 6 Mei

Wifi,

Sikujitoa. Nimekuja, nimesailiwa, nimerudi. Uliniona.

Tena uliniona vizuri sana, kupitia kile kioo cha ofisi ya zamu. Nilikuwa nimekaa kwenye viti vya plastiki pamoja na wenzangu, na wewe umevaa ile fulana ya manjano yenye mistari inayong'aa, ukainua macho, ukayashusha kwenye makaratasi yako kama mtu aliyeona mende. Nikasema sawa. Kwenye usaili wenyewe walikuwepo mabinti wawili na kijana mmoja mwenye kompyuta, ndio watu wa kwanza wenye pua na masikio niliokutana nao tangu tuanze kuomba kazi. Waliniuliza, nikajibu, mmoja akacheka nilipoeleza jinsi ya kumtuliza mteja ambaye rasta hazikumpendeza. Nilitaka kumkumbatia kwa kule kucheka tu.

Lakini siyo hayo yaliyonifanya niandike. Wakati nasubiri nilisoma ubao wa matangazo uliokuwa juu ya kichwa changu. Karatasi ya bluu. "Wasimamizi wote wa zamu wanatakiwa kukamilisha tathmini ya mtandaoni kabla ya mwisho wa mwezi wa tano. Watakaoshindwa kufikia kiwango watapangiwa majukumu mengine." Karatasi imekunjika kona na ina vumbi, wifi. Iko pale siku nyingi.

Kwa hiyo ulipokuwa unanifokea kuhusu mtihani wa saa moja kwenye kochi, ulikuwa unajua kwamba wako unakuja. Ulitaka mdogo wako aingie mapema ili uwe na mtu wako humo ndani. Au ulitaka aufanye kwanza akusimulie ulivyo. Mimi sijui, lakini kelele zako sasa nazielewa.

Barua yangu ipeleke ofisi ya ajira ukitaka. Wewe ndiye uliyemwombea, utakuwa umejipeleka mwenyewe. Wamenipigia jana. Nimepata.

Mke wa mdogo wako


Tarehe 10 Mei

Wifi,

Hongera. Nimeliandika, usiseme sijaliandika.

Sasa nisikilize. Barua hii ukishaisoma ichane, na vipande usitupe kwenye jalala la barazani ambapo wateja wako wanafukua kila kitu.

Wametupa mtihani wa mazoezi. Niliufanya wakati wa chakula cha mchana, nimejifungia ofisini. Maumbo niliyaangalia kama mtu anayeangalia maandishi ya Kichina. Nilipofika kwenye sentensi nikaanza kuzijibu kwa haki, kisha nikakumbuka ulivyosema, wao wanataka kusikia nini, nikarudi nyuma kubadilisha, haukubali kurudi. Puto la kwanza lilipasuka nikashtuka mpaka nikaangusha miwani. Mimi! Nimeingia ghala hili lina paa la mabati na wafanyakazi tunajuana majina ya watoto. Nimefundisha nusu ya watu walio humo. Mwisho ikaniandikia, "Mtindo wako wa uongozi unahitaji kuboreshwa." Nani kaandika? Nataka aje aniambie nikiwa nimesimama.

Sisi wasimamizi hatuwekewi kamera. Wanasema wanatuamini. Tunafanya kwenye simu zetu, popote, wakati wowote kabla ya mwisho wa mwezi.

Fanya wangu. Nitakutumia kiungo na neno la siri. Wewe mkono wako umeshazoea. Sikuombi kama fadhila. Mimi nitanyamaza kuhusu mwezi wa pili, na ukija kazini sitakuwekea kinyongo. Hayo ni mengi kuliko unavyostahili, kwa hiyo usitafute sababu za kujivuta.

Nijibu kwa neno moja.

Wifi yako


Tarehe 14 Mei

Wifi,

Neno lako moja ni hapana.

Ungeniomba vizuri ningekwambia hapana vizuri. Lakini hata kuomba umeshindwa, umenitisha na kunitukana ndani ya karatasi ile ile unayotaka nikusaidie. Nilimsomea mume wangu mstari kwa mstari. Alicheka, wifi. Sijamsikia akicheka tangu kiwanda kifungwe. Akasema, "Dada huyo. Angezama mtoni angemwamrisha mtu amwokoe." Kisha akasema, "Usimfanyie."

Nami nilikuwa nimeshaamua. Nimewahi kujibu kwa jina la mtu mwingine. Nilipokosa, yeye akafurahi akajificha, amekuja kuniambia mwenyewe. Ningepata, angeingia kazini kila siku akijua aliyepita ni mimi, na angenichukia polepole kwa heshima. Wewe hata ukipita kwa vidole vyangu hutanisamehe kamwe. Heri unichukie kwa kukukatalia. Chuki hiyo nimeizoea, najua inakaa wapi ndani ya nyumba.

Haya nitakupa, na ni bure. Usifanye ukiwa na njaa. Usitumie mtandao wa ofisini, watu wakiwa wengi unakatika. Usijibu kwa haki, lakini usiseme uongo mkubwa pia, maana swali litarudi na utakuwa umesahau. Puto liache likiwa bado dogo. Vua miwani uifute kabla hujaanza.

Mume wangu ameanza kibarua cha kupaka rangi nyumba za ile mitaa mipya. Hakuna aliyemfanyisha mtihani, fundi mkuu alimpa brashi akamtazama. Anarudi na madoa mpaka kwenye nyusi. Binti atabaki naye, nitakuwa narudi mwisho wa wiki. Tumegombana sana kulifikia hilo, sikufichi, na hatujamaliza. Lakini jana alinishonea mkanda wa begi uliokuwa umekatika, bila kuulizwa, na hakuulizia chumvi.

Naanza tarehe mbili. Nitatafuta pa kulala mwenyewe.

Mke wa mdogo wako


Tarehe 30 Mei

Wifi,

Nimeanguka.

Nilikula. Nilitumia mtandao wa nyumbani. Miwani niliifuta. Maputo niliyaacha madogo yote, likabaki la mwisho, nikasema ngoja nione. Najua utacheka, cheka.

Kwenye sentensi waliniuliza kama ninapenda zaidi kupendwa na ninaowaongoza au kuheshimiwa. Nilikaa hapo mpaka muda ukaniishia. Sikujua jibu lao, na la kwangu sikulijua pia. Hilo ndilo lililonikera kuliko kuanguka kwenyewe.

Majibu yalikuja kwa maneno yale yale uliyoyaandika, ila mimi hawakuniambia hatutaendelea na maombi yako, waliniambia wananipangia majukumu yanayoendana na uwezo wangu. Kijana wa kompyuta ndiye aliyenikabidhi barua. Hakuweza kuniangalia. Mimi ndiye niliyemfundisha kusoma hati ya mzigo. Nilimwambia, "Inua uso, mwanangu, hujafa." Akainua.

Mdogo wangu alinipigia. Sijui nani alimwambia, mtu wa ghalani bila shaka. Alitaka kuja. Nimemwambia akija na maneno ya kunifariji asiingie, akija na brashi ukuta wangu wa sebuleni umechakaa. Amesema atakuja Jumapili na binti.

Sijakusamehe kwa hapana yako. Nadhani ningekusamehe haraka zaidi kama usingekuwa umesema kweli.

Kuna chumba cha nyuma hapa kwangu. Sijakifagia na sitakifagia. Ukipata pa kulala kwingine, nenda. Usipopata, ufunguo uko kwa mama wa duka la kona, na maji yanatoka asubuhi tu. Sipendi redio, na sipendi mtu anayeoga akiimba.

Kuanzia Jumatatu mimi niko langoni. Nitakuwa nakagua vitambulisho na kuandika namba za malori. Fulana yangu ya manjano wameichukua, wamenipa ya bluu, imenibana mabegani. Ukifika usinionee huruma mbele ya watu, na usinipite kimya kama mgeni. Nionyeshe kitambulisho kama wengine, useme, "Shikamoo wifi," kwa sauti ya kusikika. Nitakuitikia.

Na uwahi. Zamu ikishaanza lango nalifunga, na mimi simfungulii mtu.

Wifi yako